Unakwenda Dar sikukuu? Funga dawa kabla ya nguo

Pasaka hutupa siku nne za mapumziko, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Kwa anayeishi Mtera, kwenye bwawa la Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, hizo ndizo siku za kwenda Dar es Salaam kuwaona ndugu, kuhudhuria ubatizo wa mjukuu na kuwapeleka watoto kuiona bahari.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya safari hiyo na mama yangu mzazi. Ana kisukari na shinikizo la damu. Wiki nzima nilihangaika na tiketi, kitenge chake kipya na karanga za kuwapelekea wenyeji wetu. Dawa nilizikumbuka usiku wa mwisho, nikazitia kwenye begi kubwa pamoja na nguo.

Tuliondoka Mtera kukiwa bado giza. Mama alimeza kidonge chake cha sukari kama kawaida, lakini chai aliikataa, kwa maelezo kwamba mtu mzima kusimamisha basi kwa ajili ya haja ndogo ni aibu. Dodoma tulibadilisha basi mbiombio, hatukula. Tulipokaribia Gairo akaanza kulowa jasho na mikono ikawa inatetemeka.

“Mama, vipi?”

“Mwanangu, naona giza.”

Glukosi, biskuti na dawa zake zote zilikuwa kwenye buti la basi, chini ya mizigo ya watu. Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekaa kiti cha nyuma yetu. “Baba, huyo sukari imeshuka,” aliniambia. “Mpe soda hii, upesi.” Baada ya kama robo saa mama akaanza kuzungumza vizuri.

Sikuwa na wa kumlaumu. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliipanga safari kuanzia kwenye tiketi na nguo, halafu dawa zikaja mwisho. Ndugu msomaji, kama wewe ni mgonjwa, au unasafiri na mzazi au mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, panga kinyume cha nilivyofanya mimi.

Hesabu siku, kisha ongeza tatu

Siku nne za sikukuu si siku nne za dawa. Mtu wa Mtera huondoka Alhamisi na kurudi Jumanne, kwa hiyo ni siku sita. Ongeza tatu za tahadhari, kwa kuwa basi huharibika, mvua za masika hukata barabara na ndugu humzuia mgeni “alale japo siku moja zaidi”. Jumla ni siku tisa. Anayemeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni atahitaji vidonge 18.

Fanya hesabu hiyo wiki mbili kabla. Vituo vingi vina siku maalumu za kliniki ya presha na kisukari, na ukingoja mpaka Alhamisi ya safari unaweza kukuta siku ya kliniki imepita, kesho yake ni Ijumaa Kuu. Siku hiyo ya kliniki mweleze daktari au muuguzi kwamba unasafiri. Pia muulize kama kadi yako ya bima inapokelewa nje ya mkoa wako, na katika vituo vya ngazi gani.

Ukishapata dawa, ziache kwenye pakiti zake zenye majina. Vidonge vilivyomwagwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni havitambuliki, hata na mfamasia. Piga picha ya cheti cha dawa kwa simu, kisha mtumie ndugu mnayesafiri naye. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU wabebe na kadi ya CTC, ili wakipungukiwa waweze kuhudumiwa kwenye kliniki nyingine. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki na apate ushauri kabla ya kukata tiketi, hasa kama mimba imefikisha miezi minane.

Dawa hukaa na mwenye dawa

Mfuko wa dawa usiingie kwenye buti wala usiwekwe juu ya kichanja cha basi. Ukae mapajani au begani kwa mgonjwa. Humo ndani weka dawa, maji ya kunywa, kitu kitamu, chakula kidogo na karatasi yenye jina la mgonjwa, ugonjwa wake na namba ya simu ya ndugu. Mwenye pumu awe na kivuta dawa chake mfukoni.

Anayetumia insulini ana mtihani zaidi, maana joto huiharibu. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu kwa takribani wiki nne, mradi haipati jua wala joto kali. Dirisha la basi na buti si mahali pake. Ifunge kwenye kitambaa ndani ya chombo chenye ubaridi, lakini isigusane na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika na haifai tena hata ikiyeyuka.

Sasa turudi kwa mama. Dawa kama glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Akimeza bila kula, sukari hushuka. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Subiri dakika 15. Ikiwa hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Wenye presha nao wana lao. Baadhi ya dawa zao huongeza mkojo, na wazee wengi huziacha siku ya safari ili wasisumbue dereva. Wengine hawanywi hata maji. Matokeo yake presha hupanda, au mwili hukauka na mtu akaanguka anaposhuka kituoni. Usiache dawa. Muulize daktari kama siku hiyo unaweza kuimeza mchana au jioni baada ya kufika. Nanyi vijana, mwambieni kondakta mapema kwamba mna mzazi anayehitaji kusimama. Kwa mtu mzima kuomba mwenyewe ni vigumu kuliko ninyi kumwombea. Basi likisimama, mshusheni anyooshe miguu, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kujongea huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu.

Treni imepunguza adha kwa wenye uwezo wa kuipata. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima sasa huchukua saa chache. Ndani yake kuna choo na nafasi ya kutembea. Lakini tiketi za sikukuu huwahi kwisha, na mtu wa Mtera bado ana zaidi ya kilomita 100 za barabara kabla ya kufika Dodoma. Kwa hiyo mfuko wa dawa na chakula uko palepale.

Mtoto mwenye selimundu

Wazazi wenye watoto wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, huniuliza kama mtoto wao anaweza kusafiri. Kama hali yake ni nzuri na kliniki haijamzuia, anaweza. Kinachotakiwa ni kumkinga na vitu vinavyoamsha maumivu, ambavyo ni ukosefu wa maji mwilini, baridi, uchovu na maambukizi.

Anywe maji kidogo kidogo njia nzima, na mzazi asimpunguzie kwa kuogopa choo. Abebewe sweta na soksi hata kama mnakwenda kwenye joto la Dar, kwa sababu kiyoyozi cha treni na cha mabasi ya kisasa hupuliza baridi. Foliki asidi, penisilini kwa walioandikiwa na haidroksiyurea kwa wanaoitumia, zote ziendelee kila siku bila kurukwa hata siku ya sikukuu yenyewe.

Baharini, acha aingie jua likiwa limepanda, acheze kwa muda mfupi, kisha mkaushe na kumvalisha nguo kavu mara moja. Maji ya baridi na upepo wa jioni vimewalaza wengi.

Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, msimpe panadol mkasubiri Jumanne. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Fanyeni vivyo hivyo mkiona anapumua kwa shida, kifua kinauma, viganja vimepauka ghafla, tumbo limevimba upande wa kushoto, mdomo umepinda au mkono umelegea.

Mkiwa jijini

Joto la Dar lina unyevu, tofauti na joto kavu tulilozoea uwanda wa kati. Jasho halikauki haraka, hivyo mwili hupoa kwa shida. Wazee na watoto wanywe maji kabla hawajahisi kiu, na mizunguko ya Kariakoo ifanywe asubuhi.

Pasaka huangukia kipindi cha masika, na masika huleta mbu wa aina mbili. Wa malaria huuma usiku, kwa hiyo laleni kwenye chandarua hata kama nyumba ya mwenyeji ina feni. Wa homa ya dengi huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya makopo, matairi na vyungu vya maua. Dar ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mvike mtoto nguo za mikono mirefu na umpake dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wake. Mtu akipata homa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, apimwe. Kabla ya kujua ni nini, asimeze aspirini, ibuprofen wala diklofenaki, kwa kuwa kama ni dengi dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi.

Chakula cha njiani na cha ufukweni kiliwe kikiwa cha moto. Beba pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa ajili ya watoto. Akiharisha, mwanzishie ORS papo hapo kama pakiti inavyoelekeza, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Jambo jingine ni maji yenyewe. Mtoto wa Mtera amezoea bwawa, lakini bahari hupwa na kujaa na ina mikondo. Siku za sikukuu fukwe kama Coco hufurika watu kiasi kwamba mtoto anaweza kupotea machoni kwa dakika moja. Mkubwa mmoja apewe kazi ya kuwatazama watoto tu, bila simu mkononi, kisha mpokezane. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi mfukoni.

Jueni hospitali kabla hamjaihitaji

Siku ya kwanza tu, muulize mwenyeji wako swali hili: “Hapa kwenu, mtu akizidiwa saa nane usiku mnampeleka wapi?” Dar kuna hospitali za rufaa za mkoa za Amana upande wa Ilala, Temeke, na Mwananyamala upande wa Kinondoni. Lakini foleni za magari za jiji hilo ni ndefu, na kituo cha afya kilicho karibu chenye huduma ya saa 24 kinaweza kuwa na faida kuliko hospitali kubwa iliyo mbali. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri, na 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Tenga pia fedha ya dharura, inayotosha teksi ya usiku na vipimo vya kwanza. Iwekwe mbali na ya zawadi, na isiguswe hata vitenge vya Kariakoo viwe vizuri namna gani.

Mkisharudi

Safari haijaisha mkishuka Mtera. Dalili za dengi kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 4 na 10 baada ya kuumwa na mbu, na malaria huweza kuchukua wiki moja au zaidi. Ikipanda homa ndani ya wiki hizo, nenda zahanati na utamke wazi: “Nilikuwa Dar sikukuu.” Maneno hayo machache humsaidia mhudumu kufikiria ugonjwa ambao kwa kawaida haufikirii hapa kwetu.

Mama yangu bado huenda Dar kila Pasaka. Siku hizi ana kipochi cha kitenge alichojishonea mwenyewe, hukivaa begani tangu Mtera mpaka mlangoni kwa wenyeji. Ndani yake kuna vidonge vya siku tisa, chupa ya maji, pakiti ya glukosi na maandazi mawili. Mwaka jana nilijitolea kumbebea, akakataa.

“Begi bebeni ninyi, mwanangu,” alisema. “Hiki ni changu.”