Upendo na Upendeleo

Walimu wafundishao katekisimo wajua ya kuwa neno upendo si gumu kutamka. Gumu ni kulieleza. Mwanafunzi akiulizwa, "Mungu ampenda nani?" hujibu upesi, "Watu wote." Akiulizwa tena, "Hao wote ni akina nani?" hunyamaza, au huwataja watu wa nyumba yake. Tumeona vema, basi, kulitazama neno hili katika lugha yenyewe, maana shina lake lina mafundisho yatufaayo darasani na mimbarani.

Shina lenyewe ni penda. Humo twapata upendo, pendo, mapenzi, mpenzi na kipenzi. Neno mapenzi lina maana mbili: mahaba, na tena yale atakayo mtu. Ndiyo sababu katika Sala ya Bwana neno hili lataja nia ya Mungu. Hapo twajifunza ya kuwa upendo wake si wimbi lipandalo na kushuka. Ni jambo alilolikusudia.

Kitendo hiki huongezwa viungo. Katika kauli ya kutendana twasema kupendana, yaani kila mmoja kumpenda mwenziwe. Ni jambo jema, na Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake wapendane. Lakini kupendana kwahitaji mwenzi wa kurudisha. Asiporudisha, kiungo chaanguka, likabaki shina tupu, penda. Wazee husema, "Mkono mtupu haulambwi," na hiyo ndiyo desturi ya dunia. Upendo wa Mungu husimama hata pale kiungo kilipoanguka. Katika Mathayo sura ya 5 twafundishwa ya kuwa jua na mvua ya Baba haviulizi kwanza shamba ni la mwema au la mwovu. Si kwamba Mungu haoni tofauti ya wema na ubaya. Bali hangoji tuwe wema ndipo atupende.

Tukiongeza kiungo kingine twapata kupendelea, na kwa hicho jina upendeleo. Tazama: neno limerefuka, na upendo umepungua. Apendeleaye apenda kweli, lakini amemwelekea mmoja na kumpa mwingine kisogo. Mtume Petro alilelewa kujua ya kuwa Myahudi haingii katika nyumba za watu wa mataifa. Hata hivyo aliingia kwa Kornelio, akida wa Kirumi, huko Kaisaria, kama isemavyo Matendo ya Mitume sura ya 10, akakiri mbele ya watu wa nyumba ile kwamba Mungu hapendelei watu. Naye alikuwa Mtume tayari. Lakini somo hilo alikuwa hajalimaliza.

Hata sisi hatujalimaliza. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa tuliokuwa tukifundisha, msafiri mmoja alifika akiwa na homa, akafa siku ya pili. Desturi yetu yajulikana: maiti huoshwa na kuzikwa na jamaa zake, na watani huja kusaidia. Mtu yule hakuwa na jamaa wala mtani. Tulikusanyika nje ya nyumba, Wakristo wengi, na sisi walimu kati yao, tukiulizana, "Ni wa nani?" Jua likapanda. Mwishowe akaja bibi mmoja mjane, aliyekuwa bado katika mafundisho ya ubatizo, amechukua shuka yake mpya. Akasema, "Kama si wa mtu, ni wa Mungu. Nani atachimba?" Tukaona haya, tukashika majembe. Asubuhi ile ile tulikuwa tumefundisha habari za upendo.

Swali lile, "Ni wa nani?", ni la zamani katika pwani yetu. Mtumwa hakutajwa ila kwa bwana wake: mtumwa wa fulani. Huko Mkunazini, Unguja, watu waliuzwa sokoni mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipokubali kwa mkataba soko lifungwe. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa mahali pale jiwe la msingi la kanisa la Misheni ya UMCA. Na Edward Steere, aliyewekwa kuwa Askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi. Pale palipoulizwa kila siku mtu huyu ni wa nani, pakahubiriwa jibu alilolitoa yule mjane.

Basi twawasihi walimu wenzetu: wafundishapo somo hili, waanze na kupenda, waendelee na kupendana, kisha waonye juu ya kupendelea. Na kabla ya kuwauliza watoto, tujiulize wenyewe. Katika darasa letu, ni mtoto wa nani tumwitaye kwanza kusoma? Na ni yupi aketiye nyuma, ambaye hata jina lake hatujalijua? Huyo naye yumo katika neno wote.