Dipoziti Yako Isiliwe na Kilomita: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Jumatatu asubuhi unarudisha gari ulilokodi. Limeoshwa, mafuta yako pale pale ulipoyakuta, hakuna hata mkwaruzo. Unachongoja ni dipoziti yako ya shilingi 10,000 irudi kwa simu. Mwenye gari analizunguka na kutikisa kichwa, "Gari iko sawa kabisa." Kisha anachungulia dashibodi, anasoma mita na kupiga hesabu. Simu yako inalia: umepokea shilingi 2,500.

Hujaibiwa. Zile nyingine zimeliwa na kilomita.

Kwa nini kilomita zinalipiwa?

Gari likitembea linachakaa. Tairi, breki na oili vyote huisha kulingana na mwendo. Ndiyo maana mikataba mingi ya gari la kujiendesha mwenyewe huweka kikomo cha kilomita kwa siku. Ukipita hapo, kila kilomita ya ziada ina bei yake. Mstari huo huwa uko kwenye mkataba, lakini siku ya kuchukua gari akili yako iko kwa safari.

Tupige hesabu pamoja

Tuseme mna mazishi Kisumu na umekodi gari Nairobi kwa siku tatu. Kikomo ni kilomita 200 kwa siku, na kila kilomita ya ziada ni shilingi 30. Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350. Kwenda na kurudi ni 700. Siku ya katikati unazunguka mochari, sokoni na kubeba wageni: 150 nyingine. Jumla ni kilomita 850.

Ikiwa siku zote tatu zinahesabiwa pamoja, una kilomita 600. Umezidisha 250, kwa hivyo unadaiwa shilingi 7,500.

Ikiwa kila siku inahesabiwa kivyake, umezidisha 150 siku ya kwenda na 150 siku ya kurudi. Zile 50 ulizobakisha siku ya katikati zimepotea. Sasa deni ni shilingi 9,000. Safari ni ile ile, gari ni lile lile, lakini neno moja la mkataba limekugharimu shilingi 1,500 zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kikomo ni kilomita ngapi? Zinahesabiwa kwa siku au kwa safari nzima? Ziada ni pesa ngapi kwa kilomita? Dipoziti itarudi baada ya muda gani?

Ukishajua safari yako itazidi, ongea bei mapema. Wakati mwingine kuongeza siku moja ni nafuu. Kwenye mfano wetu, kama siku ni shilingi 4,500 na kilomita zinahesabiwa pamoja, siku ya nne inakupa kilomita 200 zaidi. Utabaki na ziada ya 50 pekee, yaani shilingi 1,500. Jumla ni 6,000 badala ya 7,500.

Linda pesa zako kwa simu

Uliza maswali hayo kwa ujumbe, si kwa kupiga simu tu, ili majibu yabaki yameandikwa.

Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukiambiwa utume dipoziti kwa nambari ya mtu binafsi, uliza sababu kwanza.

Tuma dipoziti kando na kodi ya gari. Ukiwa na jumbe mbili za malipo, hakuna atakayesema zote zilikuwa kodi.

Piga picha ya mita ukichukua gari, na nyingine ukilirudisha, mwenye gari akiwepo. Mtumie hapo hapo.

Mkikosana je?

Usikimbilie kuomba muamala urudishwe. Huduma hiyo ni ya pesa zilizoenda kwa nambari isiyo sahihi, si ya kumaliza ubishi wa mkataba. Omba hesabu iliyoandikwa: mita ilianza wapi, ikaishia wapi, kikomo ni ngapi na bei ni gani. Linganisha na picha zako.

Ukiona umeonewa na mazungumzo yamekwama, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Si lazima uwe na wakili. Huko, ujumbe wa malipo na picha ya mita vina uzito kuliko maneno matupu.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza "Tuma", fungua ramani kwenye simu, jumlisha safari yote hadi ile ya kwenda sokoni, kisha ugawe kwa siku. Hesabu hiyo ni ya dakika tano, na inaweza kukuokolea dipoziti yako.