Vituo vitatu kwa mbio moja

Mpira umepigwa hadi kona ya kulia ya uwanja. Umedunda, umegonga ukuta, sasa unatambaa kwenye nyasi huku mlinzi akiukimbilia. Mpigaji ameshatupa rungu lake zamani. Anakanyaga kituo cha kwanza bila kupunguza mwendo, anapinda kuelekea cha pili, na hapo ndipo penye kazi: mpira uko mgongoni kwake, hauoni. Macho yote kwa kocha aliyesimama karibu na kituo cha tatu. Kocha anazungusha mkono, njoo! Jamaa anaongeza kasi, anajirusha kifudifudi, vumbi linatimka, na mwamuzi anatandaza mikono. Amefika salama. Ni mita 82 tangu alipoanza.

Katika besiboli ya Marekani, pigo hili la vituo vitatu ni adimu kuliko lile la kuvusha mpira nje ya ukuta, na kwangu mimi ndilo tamu zaidi. Aliyevusha mpira huzunguka taratibu akishangiliwa. Huyu wa vituo vitatu anashindana na mkono wa mrushaji hadi sentimita ya mwisho.

Hakuna aliyelimudu kama Sam Crawford, kijana wa mji mdogo wa Wahoo, Nebraska, aliyejifunza unyozi kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Kati ya 1899 na 1917, akiwa Cincinnati na kisha Detroit, alipiga mapigo hayo 309. Ty Cobb, mwenzake wa Detroit, anamfuata kwa 295. Misimu sita Crawford aliongoza ligi yake. Mpira wa enzi zile haukuruka mbali na viwanja vilikuwa vipana mno. Mwaka 1908 Crawford huyohuyo aliongoza ligi kwa mapigo 7 tu ya kuzunguka vituo vyote! Mwenye nguvu alilazimika kuwa na miguu pia.

Halafu kuna Owen Wilson wa Pittsburgh. Mwaka 1912 alipiga mapigo 36 ya vituo vitatu katika msimu mmoja, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Kinachonishangaza ni kwamba katika msimu mwingine wowote hakuwahi kuzidi 14. Uwanja wa nyumbani, Forbes Field, ulimbeba: pembe yake ya mbali kabisa ilikuwa karibu mita 140 kutoka kwa mpigaji. Lakini wenzake walicheza kwenye nyasi zizo hizo, na hawakufika 36. Heshima yake apewe.

Siku hizi kuta zimesogea karibu, na makocha hawapendi mtu atolewe kituo cha tatu ilhali cha pili alikuwa nacho mkononi. Curtis Granderson alipopiga 23 mwaka 2007, watu walishangaa kama walioona mvua ya kiangazi. Mwaka 2024 mapigo 14 yalitosha kuongoza: Corbin Carroll wa Arizona katika ligi moja, Jarren Duran wa Boston katika nyingine.

Granderson alichezea Detroit, katika uwanja wa Comerica Park wenye eneo la kati pana kupindukia. Kabla ya msimu wa 2023 ukuta ule wa kati ulisogezwa ndani kama mita 3. Wapigaji walikuwa wamelalamika kwa miaka. Mimi ningeuacha palepale.