Santuri iliyokataliwa na bendi yenyewe, leo inauzwa maelfu ya dola

Umewahi kulipia mzigo halafu ukaambiwa subiri, kisha subiri tena? Mwaka 1989 mashabiki wa Judge, bendi ya New York, yaliwakuta hayo. Waliagiza albamu ya kwanza ya bendi hiyo kwa posta, pesa wameshatuma, albamu haitoki. Kitu walichopewa kama pole ndicho leo wakusanyaji wa santuri wanakisaka usiku na mchana.

Judge walikuwa wanapiga hardcore, yaani punk iliyoongezwa kasi na hasira. Ngoma nyingi ni fupi, na mwimbaji anafoka zaidi ya kuimba. Emo nayo ilizaliwa humo humo. Sauti ni ya Mike Ferraro, gitaa ni la John Porcelly, wote wawili waliwahi kuwa Youth of Today. Na usidhani ni walevi. Hawa ni watu wa straight edge: pombe hapana, sigara hapana, dawa za kulevya hapana.

Albamu walienda kuirekodi Chung King, studio ya New York yenye jina kubwa. Beastie Boys na Run-DMC walifanyia humo kazi zilizouza mamilioni. Ungesema vijana wamefika. Lakini waliposikiliza kazi yao, wakaona siyo. Sauti haikuwa ile waliyoitaka. Basi wakaiweka pembeni, wakaenda studio ya Normandy, jimbo la Rhode Island, wakarekodi upya. Hiyo ya pili ndiyo iliyotoka kama "Bringin' It Down".

Sasa ile ya kwanza ikawaje? Lebo yao, Revelation Records, ilikuwa na umri wa miaka miwili tu na ilikuwa na wateja waliochoka kusubiri. Ikachukua rekodi zile zile zilizokataliwa, ikazitoa kwenye santuri nyeupe, takriban nakala 110 tu. Ikaziita "Chung King Can Suck It". Kwa heshima yako msomaji sitalitafsiri jina hilo, ila ujue ni tusi kwa studio.

Hesabu yake kibiashara haiingii akilini. Santuri hugandamizwa kiwandani kwa kutumia kalibu ya chuma, na gharama kubwa iko kwenye kuiandaa hiyo kalibu. Ndiyo maana watu huchapisha mamia au maelfu, ili gharama igawanyike. Kuandaa kila kitu halafu utoe nakala 110 ni kama kukodi basi zima ili upande wewe na ndugu yako. Haikuwa biashara, ilikuwa shukrani yenye utani ndani yake.

Na utani huo ndio uliopandisha bei. Idadi haiongezeki, wenye nazo hawataki kuziachia, na ikitokea moja sokoni inaondoka kwa maelfu ya dola. Nakala bandia nazo zipo, kwa hiyo ukiona moja inauzwa bei ya kutupa, weka pochi mfukoni kwanza.

Kinachochekesha ni kwamba muziki wenyewe haujafichwa. Mwaka 2005 Revelation walitoa mkusanyiko wa kazi zote za Judge, "What It Meant", na rekodi za Chung King zimo. Nimezisikiliza zote mbili. Kwa sikio langu bendi haikukosea, ile ya Rhode Island ni nzito zaidi. Kwa hiyo anayelipa maelfu ya dola hanunui sauti bora. Ananunua kipande cha plastiki nyeupe na hadithi yake.

Judge walivunjika 1991, wakarudi jukwaani 2013. Pesa za minada hiyo haziwafikii. Santuri ikishauzwa mara ya kwanza, faida yote inayofuata ni ya aliyeitunza kabatini.