Akaunti ya Kikundi Ikichukuliwa na Mwingine: Tufanyeje?

Siku hizi kikundi cha kuuza mayai, asali, sabuni au vyondo hakingoji siku ya soko tu. Wengi wenu mna namba ya WhatsApp ya biashara, na wengine mna ukurasa wa Facebook. Kiondo kikipigwa picha asubuhi huko Ukambani, mteja wa Nairobi amekiona kabla ya chai ya saa nne. Hilo ni jambo jema. Lakini akaunti hiyo hiyo inayowaletea wateja inaweza kuchukuliwa na mtu msiyemjua, naye akapokea pesa kwa jina lenu. Katika toleo hili tungependa kueleza jinsi jambo hili linavyotokea na jinsi ya kuirudisha akaunti mikononi mwa kikundi.

Tuanze na kisa. Kuna kikundi kimoja cha akina mama wasukaji vyondo ambacho tumekizuru mara kadhaa, nao wametuomba tusiwataje jina. Kikundi hicho kilikuwa na namba moja ya WhatsApp, na namba hiyo ilikuwa kwenye simu ya katibu. Jioni moja mwaka 2024, zile wiki za maagizo ya Krismasi, katibu alipata meseji kutoka kwa mwanachama mwenzake: ati dada, nimekosea nikakutumia namba sita, nirudishie tafadhali, ni za haraka. Kweli namba sita zilikuwa zimeingia. Akazirudisha. Dakika hiyo hiyo WhatsApp ikamfungia, ikisema namba yake inatumika kwenye simu nyingine. Kumbe yule mwenzake naye alikuwa ameibiwa akaunti asubuhi kwa njia ile ile, na aliyekuwa akiandika ni mwizi. Kufika saa tatu usiku wateja watatu walikuwa wameambiwa walipe mapema kwa sababu bei inapanda kesho, na pesa za vyondo kumi na kimoja zilikuwa zimekwenda kwa namba isiyo ya kikundi.

Katibu aliona aibu. Alinyamaza, akakesha akihangaika na simu peke yake. Asubuhi mteja mmoja akampigia mwenyekiti kuulizia mzigo wake, na mwenyekiti hakujua lolote. Siku ya mkutano kulikuwa na wanachama waliosema mbele ya watu kwamba katibu amekula pesa. Mama huyo ndiye aliyeandika hesabu za kikundi tangu kianze, na hajawahi kukosea hata shilingi kumi. Kwa maoni yetu, ule usiku mmoja wa kunyamaza ulidhuru kikundi kuliko mwizi mwenyewe. Kama katibu angewapigia wenzake saa ile ile, huenda wateja wawili kati ya wale watatu wasingetuma pesa.

Sasa tueleze zile namba sita ni kitu gani. WhatsApp haijui kikundi wala katibu. Inajua namba ya simu tu. Simu mpya ikidai kwamba inatumia namba fulani, WhatsApp hutuma namba sita kwa meseji kwenye laini hiyo ili kuhakikisha. Yeyote atakayeziandika huhesabiwa kuwa ndiye mwenye akaunti. Mwizi hana laini yenu, kwa hiyo hawezi kuziona mpaka mmpe. Ndiyo maana atakuja kwa kila hila. Atajifanya mwanachama, au mtu wa kampuni ya simu, au mfadhili anayewaandikisha kwa semina.

Na kwa kuwa laini bado iko mkononi mwenu, njia ya kurudi ni ile ile. Laini ya kikundi ikiwa kwenye simu, fungueni WhatsApp, andikeni namba ya kikundi, mngoje namba sita mpya ziingie, kisha mziandike. Hapo hapo yule mwizi anatolewa. Hapewi nafasi ya kukataa. Meseji zenu za zamani hazikumfikia pia, maana huwa zimehifadhiwa kwenye simu yenu wenyewe. Alichoweza kuona ni makundi mliyomo na meseji mpya zilizoingia akiwa ndani.

Mara nyingine kuna vizuizi. Mwizi mjanja huomba namba sita mara nyingi mfululizo, na WhatsApp ikiona hivyo huzuia kutuma nyingine kwa saa kadhaa. Hapo ni kungoja tu. Msiendelee kubonyeza, kwa sababu muda wa kungoja unazidi kuongezwa. Kizuizi cha pili ni pini. Mwizi akiingia anaweza kuweka pini yake, nanyi mkimaliza kuandika namba sita mtaulizwa pini msiyoijua. Msife moyo. Namba sita zikikubaliwa, mwizi amekwisha tolewa hata kama ninyi bado hamjaingia. Mtangoja siku 7, kisha mtaruhusiwa kuingia bila pini ile. Katibu tuliyemtaja alikumbana na mambo haya yote mawili, na wiki ile kikundi kiliuza kwa namba ya mweka hazina.

Lakini kama simu yenyewe imekosa mtandao ghafla na laini haipigi wala haipokei, hilo ni tatizo jingine. Huenda mtu amekwenda akabadilisha laini yenu kwa hila. Kimbieni kwenye duka la kampuni ya simu na kitambulisho, mrudishiwe laini kwanza, ndipo mshughulikie WhatsApp. Hapa vikundi vingi hukwama. Laini huwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Tumeona laini ya kikundi iliyosajiliwa kwa jina la shemeji ya mwanachama, na shemeji mwenyewe yuko Mombasa. Bila yeye hakuna cha kufanya. Kila mmoja anaweza kupiga *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wenye laini za Safaricom wanaweza pia kupiga *100*100# ili laini isibadilishwe na wakala yeyote wa mitaani.

Mkishaingia tena, msishangilie mapema. Nendeni kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu inayoonyesha vifaa vingine vilivyounganishwa na akaunti. Namba moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na mwizi anaweza kubaki humo akisoma kila agizo linaloingia. Msichokitambua kitoeni. Kisha wekeni pini yenu na barua pepe mnayoweza kuifungua, ili mkisahau pini msiteseke. Halafu angalieni maelezo ya biashara, picha, orodha ya bidhaa, na hasa yale majibu yanayojituma yenyewe kwa mteja anayesema hujambo. Mwizi anaweza kuacha namba yake ya malipo humo, nanyi mkadhani mambo yamekwisha huku wateja wanaendelea kumlipa.

Kuna hila moja zaidi ambayo sisi wenyewe hatukuijua mpaka hivi majuzi. Mtu anawapigia, anawaambia mbonyeze nyota, tarakimu fulani, nyota tena, namba fulani ya simu, halafu alama ya reli. Mkifanya hivyo simu zote zinazopigwa kwenu zinahamia kwake, na WhatsApp inaweza kusoma zile namba sita kwa njia ya simu badala ya meseji. Aliyekwisha fanya hivyo apige ##002# kufuta uhamisho wote.

Facebook ni tofauti kidogo. Ukurasa wa biashara hauna paswadi yake. Unafunguliwa kupitia akaunti ya mtu binafsi aliyepewa mamlaka. Kwa hiyo ukurasa ukipotea, jiulizeni kwanza ni akaunti ya nani iliyoibiwa. Mara nyingi huyo ndiye aliyepokea meseji ya kutisha, ati ninyi mmevunja sheria za Facebook na ukurasa utafungwa leo usipobonyeza hapa. Akabonyeza, akaandika paswadi yake, mwizi akaisoma.

Kama kuna mwanachama wa pili mwenye mamlaka kamili, kazi ni ndogo: anaingia kwenye mipangilio ya ukurasa na kumwondoa aliyeibiwa pamoja na yeyote aliyeongezwa. Afanye haraka, kwa maana mwizi naye anaweza kumwondoa yeye. Kama hakuna wa pili, basi mwenye akaunti atumie simu ile ile aliyoizoea, si ya jirani, afungue facebook.com/hacked na kufuata maelezo. Pia atazame barua pepe yake. Mwizi akibadilisha barua pepe ya akaunti, Facebook hutuma taarifa kwenye ile ya zamani, na ndani yake kuna mahali pa kusema kwamba si mimi niliyebadilisha. Shida ni kwamba barua pepe nyingi za vijijini zilifunguliwa saiba, na paswadi ikabaki kichwani mwa yule kijana wa saiba. Itafuteni leo, kabla ya shida.

Si kila akaunti iliyopotea imeibiwa. Pengine kijana wa mwanachama ndiye aliyewafungulia ukurasa kwa hisani yake, kisha akapata kazi mjini, na sasa hashiki simu. Msimwite mwizi. Mtumeni mtu anayemheshimu azungumze naye. Anachotakiwa kufanya ni kazi ya dakika chache: awape wanachama wawili mamlaka kamili ya ukurasa, wakubali, kisha yeye ajitoe. Kama ni WhatsApp iliyo kwenye namba yake, ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuhamisha akaunti kwenda namba nyingine, na makundi yanahama nayo. Lakini hilo hufanyika namba ya zamani ingali inafanya kazi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa.

Wakati mnahangaika na akaunti, wengine wawashughulikie wateja. Wapigieni kwa sauti, kwa simu nyingine. Meseji tupu mteja hataiamini, na ana haki. Aliyetuma pesa kwa M-Pesa apeleke ile meseji ya malipo kwa 456 mara moja kuomba irudishwe. Pesa ikishatolewa ni vigumu kuipata. Namba ya mwizi ipelekeni kwa 333. Pigeni picha za skrini za mazungumzo yote kabla hayajafutwa, mwende kituo cha polisi mpewe namba ya OB. Kuna sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao. Kifungu cha 14 kinasema anayeingia pasipo ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Tunajua kwamba si kila kituo kina afisa anayefahamu mambo haya, lakini ile namba ya OB ndiyo itakayomwonyesha mteja kwamba hamkumla pesa zake.

Jihadharini pia na watakaojitokeza wakisema wanajua kurudisha akaunti kwa malipo. WhatsApp na Facebook hazitozi kitu kwa kurudisha akaunti. Anayeomba shilingi elfu mbili za kuanzia ni mwizi wa pili.

Vikundi vyenu vya kuweka na kukopesha tayari vina sanduku la kufuli tatu, na wenye funguo watatu hawatoki nyumba moja. Hatuoni kwa nini akaunti isiwekwe vivyo hivyo. Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mwenye cheo, na akimaliza muda wake jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kama mnavyobadilisha sahihi za benki. Ukurasa uwe na watu wawili au watatu wenye mamlaka kamili. Pini iandikwe kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, ikae ndani ya sanduku. Na namba ya kulipia iandikwe kwenye kibandiko cha kila bidhaa, ili mteja akiombwa kulipa kwingine ashtuke.

Kile kikundi cha vyondo sasa kimefanya hivyo. Katibu bado ni yule yule. Aliyemshtaki kwa sauti kubwa siku ile alisimama katika mkutano uliofuata akaomba radhi, kisha akachaguliwa kuwa mtu wa pili wa kushika simu. Kuhusu wale wateja watatu, kikundi hakikulazimika kuwalipa, lakini wanachama walikubaliana kusuka vyondo vile kumi na kimoja bila malipo, kila mmoja kiondo kimoja jioni baada ya shamba. Tulipowazuru mara ya mwisho, vinane vilikuwa vimekwisha pelekwa, na vitatu vilikuwa vinangoja ngozi ya mikanda.