Mtoto Anapohema kwa Shida: Oksijeni Kwanza

Kamati ya parokia inapoandika kuombea zahanati yake msaada, orodha huanza na dawa. Ni haki yake. Lakini upo ugonjwa mmoja wa watoto wachanga ambao kabati lililojaa dawa haliusaidii sana.

Ugonjwa huo ni bronkiolaitisi. Huwapata watoto wa chini ya miaka 2, hasa wasiofikisha miezi 6. Huanza kama mafua ya kawaida. Baada ya siku mbili tatu virusi, mara nyingi vile viitwavyo RSV, hushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa mapafuni. Vijia huvimba na kujaa makamasi. Kifua hulia kama filimbi, na sehemu yake ya chini huingia ndani kila mtoto avutapo pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, apelekwe kituoni. Kwa aliye chini ya miezi 2 ni mara 60. Akishindwa kunyonya, midomo ikiwa ya buluu, au pumzi ikikatika hata kidogo, asingojee kesho.

Antibayotiki haziui virusi. Mganga huzitoa anaposhuku nimonia ya bakteria, na kweli si rahisi kutofautisha magonjwa haya mawili. Steroidi nazo zimejaribiwa mara nyingi bila faida ya maana.

Kinachomvusha mtoto ni oksijeni na chakula. Kipimo kinachobanwa kidoleni au mguuni kikionyesha chini ya asilimia 90, hupewa oksijeni kwa mirija midogo ya puani, kwa kawaida lita 1 hadi 2 kwa dakika, na pungufu ya hapo kwa mchanga sana. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa ya mama na kulishwa kwa mrija. Pua iliyoziba husafishwa, maana mtoto mdogo hutegemea pua kupumua. Wengi hupata nafuu baada ya siku chache, ingawa kikohozi huweza kuendelea kwa wiki kadhaa.

Huko Papua New Guinea, hospitali tano ziliwekewa vipimo hivyo pamoja na mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa hatari ya kufa kwa watoto wenye nimonia ilipungua kwa asilimia 35. Ugonjwa ni mwingine, lakini mashine ni ileile na wodi ni ileile.

Wafadhili hupenda kununua mashine, kwa kuwa hupigwa picha vizuri. Betri, vichujio, mirija na posho ya fundi havipigwi picha, na bila hivyo mashine hugeuka meza ya kuwekea majalada.

Kinga nayo ipo. Utafiti wa kaya huko Kilifi, Kenya, ulionyesha kuwa mara nyingi RSV huingizwa nyumbani na kaka na dada wanaosoma. Basi wanawe mikono kabla ya kumbeba mdogo wao. Tangu 2023 kuna pia chanjo ya wajawazito, nayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza.

Kamati itakayoomba mashine ieleze kwanza umeme hupatikana saa ngapi kwa siku, na ni nani atakayesafisha kichujio kila wiki.