Lenzi Kabla ya Wati: Mwanga wa Jukwaa Mjini Kalemie

Usiku usio na mbalamwezi, Ziwa Tanganyika mbele ya Kalemie huwaka taa. Wavuvi wa ndakala huwasha taa juu ya mitumbwi ili samaki hao wadogo wapande kutoka vilindini, na mwezi ukiwa mpevu wengi hubaki nchi kavu, kwa kuwa mwanga wake hufifisha ule wa taa zao. Taa ya mvuvi haina haja ya lenzi. Kazi yake ni kumwaga mwanga pande zote.

Jukwaani mambo ni tofauti. Mwigizaji amesimama mahali pake, ukuta wa nyuma hauna la kusimulia, na mtu aliyekaa safu ya mwisho anataka kumwona usoni. Mwanga ukionekana hafifu, wengi hufikiria kwanza kuongeza taa au kununua balbu kubwa zaidi. Kalemie inategemea umeme wa Bendera, kituo cha maji cha mto Kiyimbi, na umeme ukikatika jenereta ndiyo kimbilio. Katika mji kama huo, kila wati linaloongezwa lina bei yake kwenye mafuta. Njia ya bei nafuu ni kuubana mwanga uliopo uende panapotakiwa. Hiyo ndiyo kazi ya lenzi.

Taa inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni ile yenye mrija wa lenzi unaobadilishwa. Mfano maarufu ni Source Four ya kampuni ya ETC ya Marekani, iliyotoka mwaka 1992 na ambayo hadi leo inaonekana katika kumbi za dunia nzima. Nyuma ya balbu kuna kiakisi kinachokusanya mwanga na kuupitisha kwenye tundu dogo katikati ya taa. Lenzi iliyo mbele huchukua sura ya tundu hilo na kuirusha jukwaani. Pembeni mwa tundu kuna vibamba vinne vya chuma vya kukatia mwanga, na fundi anayeanza hushangaa: akisukuma kibamba cha juu, kinachokatwa jukwaani ni upande wa chini, kwa sababu lenzi huipindua sura.

Mrija wa lenzi umeandikwa namba: 19, 26, 36 au 50. Hizo ni digrii za upana wa mwanga unaotoka. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo mwanga unavyobanwa. Balbu ni ileile, umeme ni uleule, ila mwanga wote unaangukia eneo dogo zaidi.

Hesabu yake haihitaji kikokotoo. Pima umbali kutoka taa hadi pale mwigizaji anaposimama. Lenzi ya digrii 19 hutoa duara lenye upana wa theluthi moja ya umbali huo. Ya 26 hutoa karibu nusu, ya 36 karibu theluthi mbili, na ya 50 karibu sawa na umbali wenyewe. Tuseme ni ukumbi wa parokia, taa imefungwa mita 6 kutoka jukwaani. Lenzi ya 19 itaangaza duara la mita 2, linalomtosha msimulizi mmoja. Ya 36 itaangaza karibu mita 4, na watu wanne wataigiza humo bila kubanana. Lakini duara la mita 4 lina eneo karibu mara nne ya lile la mita 2, kwa hiyo kila uso unapata kama robo tu ya mwanga.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini ukumbi mkubwa hauhitaji balbu kubwa moja kwa moja. Ukiirudisha taa hadi mita 12 na kuifunga lenzi ya 19, duara linakuwa mita 4 tena, na mwanga wake haupungui sana. Kwenye tamasha la wazi, kama Tamasha la Amani lililoanza Goma mwaka 2014, minara ya taa ikiwekwa nyuma ya umati ni lenzi nyembamba tu zinazoufikisha mwanga mbele ukiwa bado na nguvu.

Sasa jenereta. Ile ya kVA 5 hubeba takribani wati 4,000 bila kulemewa. Taa sita za wati 575, kipimo cha balbu ya kawaida ya Source Four, zinakula wati 3,450: zinaingia, na kunabaki kidogo cha kuendeshea kipaza sauti. Taa sita za wati 1,000 zinataka 6,000, na jenereta itazimika katikati ya onyesho. Kundi lililochagua lenzi vizuri linaweza kuwasha taa ndogo na bado likaonekana hadi mlangoni.

Si kila taa inabadilishwa mrija. Taa za PAR, zile za umbo la kopo zinazopendwa na bendi, zina asili moja na taa za mbele za magari ya Marekani ya mwaka 1940: balbu, kiakisi na lenzi vimefungwa pamoja kama kitu kimoja. Namba 64 katika PAR 64 ni kipenyo kwa vipande vya nane vya inchi, yaani inchi 8, kama sentimita 20. Kutaka upana mwingine ni kubadilisha balbu nzima. Mwanga wake una umbo la yai, hivyo fundi huizungusha balbu ndani ya kopo mpaka yai lilale au lisimame anavyotaka. Kwenye aina ya Fresnel, lenzi yenye ngazi za duara aliyoibuni Mfaransa Augustin Fresnel kwa ajili ya minara ya kuongozea meli miaka ya 1820, hakuna kinachobadilishwa: balbu ikisogezwa karibu na lenzi mwanga hutanuka, ikirudishwa nyuma hubanwa, na kingo zake hubaki laini.

Kama fedha inatosha aina moja tu, afadhali nyembamba. Mwanga mwembamba unaweza kutanuliwa kwa karatasi ya kichujio chenye ukungu, ya bei ndogo, iliyobanwa mbele ya taa. Mwanga mpana haukusanyiki tena. Vibamba, au milango ya chuma inayofungwa mbele ya taa, huukata tu, na kilichokatwa kimepotea.

Kazi yenyewe inataka tahadhari. Taa huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme, kisha huachwa ipoe kabla ya kufunguliwa. Balbu ya halojeni haishikwi kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto kupita kiasi na kuipasua. Kila taa iliyo juu ya vichwa vya watu hufungwa mnyororo wa pili.

Siku hizi wanunuzi wengi hukutana na taa za LED zenye vijicho vingi vidogo, kila kimoja na lenzi yake ya plastiki isiyobadilika. Bidhaa nyingi za Kalemie huvuka ziwa kutoka Kigoma, na kuirudisha taa isiyofaa ni safari nyingine ya meli. Kwa hiyo pembe huulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kama boksi halisemi, muuzaji aiwashe taa mita 3 kutoka ukutani, na mnunuzi apime duara kwa futi kamba: likiwa na mita 1, hiyo ni karibu digrii 19, likikaribia mita 3, ni karibu 50, na inafaa kuangazia kwaya nzima kutoka karibu, si uso wa mtu mmoja kutoka nyuma ya ukumbi.